Kuzungumza na mtoto mdogo kuhusu Shakahola na misiba mingine ya taifa: mwongozo kwa wazazi na walezi wa Malindi

Mtoto wa Malindi hakuhitaji runinga ili ajue habari za Shakahola, msitu ambamo wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa njaa. Aprili 2023, makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu ule wa ranchi ya Chakama, magari yaliyobeba maiti yaliingia mjini kuelekea mochari ya hospitali, na watu wakasimama kando ya barabara kuyatazama. Dereva wa tuktuk alizungumza, muuza mahamri alizungumza, na mtoto aliyesimama pembeni akingoja kufungiwa mahamri yake aliyasikia yote. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, na wengi walikuwa watoto. Kisha mwaka 2025 yakaibuka makaburi mengine katika eneo la Kwa Binzaro, si mbali na hapo, miili zaidi ya 30. Aliyekuwa mchanga mara ya kwanza, mara ya pili alikuwa na akili ya kuuliza.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, na msimamo wangu ni huu: habari hizi mtoto azipate kwako kwanza, kwa ufupi na kwa ukweli, kabla hajazipata kwa mwenzake zikiwa zimekwisha kutiwa chumvi. Ule usemi wetu wa "hayo ni ya wakubwa, nendeni mkacheze" hauzibi masikio ya mtu. Unamwambia tu kwamba jambo hili nyumbani haliulizwi, naye atakwenda kuliuliza kwingine.

Yafuatayo ni kwa watoto wa miaka 3 hadi 8 hivi. Nimetumia zaidi mfano wa Shakahola kwa kuwa ndio wetu na ndio mgumu kuliko yote, lakini hatua ni zilezile kwa ajali, moto au shambulio.

Kabla hujafungua mdomo

Kama habari imekufikia sasa hivi na moyo unakwenda mbio, ngoja. Nawa uso, swali au sali, mpigie dada yako mlie pamoja. Si vibaya mtoto akikuona una huzuni. Kibaya ni akuone umevurugika asiambiwe sababu, kwa maana mtoto mdogo akikosa sababu hujitwika yeye mwenyewe: mama analia kwa kuwa nilimwaga uji.

Halafu patana na wakubwa wenzako. Nyumba zetu zina bibi, shangazi, msaidizi wa nyumbani, pengine na mpangaji wa chumba cha pili. Wewe ukisema watu wamekufa na bibi akasema wamesafiri, mtoto atashika lile linalomtisha zaidi. Bibi ndiye mgumu kumgeuza, naye ndiye anayeulizwa mara nyingi, kwa hivyo mwendee kwa adabu: "Mama, Amina akikuuliza, mwambie tu kwamba watu wamekufa, halafu mlete kwangu." Inatosha. Usimfanyie semina.

Uliza kwanza alichosikia

Usimkalishe mtoto sebuleni mbele yako kama aliyevunja kioo. Zungumza mikono ikiwa na kazi: mnachambua mchele, unamsuka nywele, au amekaa juu ya mbuzi anajaribu kukuna nazi. Macho yakiwa kwingine ulimi hufunguka.

Uliza: "Huko shuleni mmesikia nini kuhusu Shakahola?" Kisha nyamaza. Hapa ndipo wazazi wengi tunaposhindwa, kwa sababu ukimya wa mtoto unatuuma na tunaujaza kwa hotuba. Mwache afikiri. Utasikia mambo kama vile msituni kuna mzee anayekula watoto, au ukienda kanisani unafukiwa, au wale watu hutembea usiku. Usicheke wala usishtuke. Chagua kosa moja, lile linalomnyima usingizi, ulirekebishe hilo. Mengine yatakuja siku nyingine.

Kama ni wa miaka 3 na kweli hajasikia lolote, mwache alivyo. Hakuna sharti la kumwamsha aliyelala.

Maneno yenyewe

Kwa aliye chini ya miaka 5, sentensi nne zinatosha: "Watu wengi wamekufa mahali panapoitwa Shakahola. Walikaa bila kula siku nyingi mno, miili yao ikashindwa kufanya kazi. Mimi nina huzuni. Wewe uko hapa na mimi, na chakula cha usiku kiko jikoni."

Kwa wa miaka 6 hadi 8 ongeza kisa: "Kuna mhubiri anayeshtakiwa kwamba aliwaambia watu wasile ili wakamwone Yesu. Watu walimwamini, wakaingia msituni na watoto wao, na wengi wakafa kwa njaa. Polisi walimkamata, na mahakama ndiyo inayoamua." Wewe mzazi unajua zaidi: kwamba mshtakiwa ni Paul Mackenzie, kwamba mashtaka ni pamoja na mauaji ya watoto 191, na kwamba ameyakana. Mtoto hahitaji hesabu hiyo. Wala jina halimsaidii. Watoto hulichukua jina wakaligeuza zimwi la kutishana chooni.

Sasa, neno kufa. Sisi watu wa pwani tuna staha nyingi katika habari za mauti: mtu ametangulia mbele ya haki, ametutoka, amepumzika. Kati ya wakubwa ni maneno mazuri. Mtoto wa miaka 4 huyachukua kama yalivyo. Ukimwambia marehemu amelala, usishangae akikataa kwenda kitandani. Ukimwambia amesafiri, siku baba yake anapopanda basi la Mombasa atalia mpaka kituo kizima kigeuke. Na "Mungu alimpenda zaidi akamchukua" ndiyo mbaya kuliko zote kwa mtoto mdogo, maana ataanza kuogopa kupendwa na Mungu. Sema amekufa, kisha ueleze mwili: hapumui, hasikii njaa, haumwi, hatarudi. Imani ya nyumba yenu iseme baada ya hapo, ikiwa juu ya ukweli huo na si badala yake.

Usikate tamaa akikuuliza kesho yake, "Basi wale watoto watatoka lini kwenye shimo?" Mwaka 1948 mtafiti wa Hungaria, Maria Nagy, alichapisha alichokipata kwa kuwauliza mamia ya watoto juu ya kifo, na wale wadogo wa miaka 3 hadi 5 walikiona kama kuondoka au kulala, jambo la muda. Uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba watoto wengi huanza kuelewa kwamba kifo hakirudi nyuma wakiwa kati ya miaka 5 na 7. Kwa hiyo swali lilelile kurudiwa si ukaidi. Jibu kwa maneno yaleyale, bila kuongeza chumvi, kila anapouliza.

Na swali la umbali. Wenzetu wa Nairobi wanaweza kusema "ni mbali sana". Sisi hatuwezi, mtoto anaijua barabara ile ya kwenda Sala inayoelekea upande huo, pengine ana mjomba Langobaya. Mwambie ukweli unaotuliza: "Si karibu na nyumba yetu. Huwezi kufika kwa miguu, na hakuna atakayekupeleka huko." Kama mnaishi upande huo huo, acha habari ya umbali kabisa, zungumzia watu wanaomlinda.

Chakula na funga

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Shakahola inapotofautiana na misiba mingine. Kwenye ajali ya basi mtoto huogopa basi. Kwenye habari hizi mtoto anaweza kumwogopa mzazi wake mwenyewe.

Ufukuaji ulianza siku zilezile za Idi, mji mzima umetoka katika mwezi wa kufunga. Fikiria mtoto aliyesikia kwamba watu wamekufa kwa kufunga, naye mama yake amefunga. Wakristo nao wana Kwaresima na wana wiki za maombi ya kufunga kanisani. Mtoto akianza kukulazimisha unywe maji mchana, au akalia ukiacha chai, usimwambie "nyamaza, usikufuru". Mwonyeshe tofauti kwa macho. Kwa Waislamu: funga ina mwisho wake, na mwisho huo unasikika. Mpe kazi ya kubeba sahani ya tende. Adhana ya magharibi ikilia, akutilie tende mkononi yeye mwenyewe, akuone ukila na kunywa. Mwambie kwamba mtoto halazimiki kufunga, mgonjwa ana ruhusa ya kula, na mama mjamzito au anayenyonyesha akihofia afya yake ana ruhusa pia. Kama anapenda kujaribu nusu siku kama wenzake, mruhusu, ila akisema njaa, ale pale pale bila kutaniwa. Mwaka ule wa msiba mimi ningeacha hata hiyo nusu siku.

Kwa Wakristo: mweleze kwamba kanisa lenu likifunga, mkubwa huacha mlo kwa hiari yake, jioni anakula, na watoto hawamo. Ikiwa mchungaji wako anataka watoto wamo, basi shida iliyopo si ya mtoto, na uliza maswali yako sasa.

Wengine watataka kumwahidi mtoto: "Hapa kwetu utakula kila siku." Angalia uwezo wako kabla ya kusema. Ziko nyumba Malindi ambazo bahari ikichafuka hakuna samaki, na watalii wasipokuja hakuna kazi, na siku nyingine ni uji mtupu. Ahadi ikivunjika jioni moja, hofu yote inarudi. Ahidi unaloweza: "Kikiwepo, utakula wewe kwanza. Kisipokuwepo nitakitafuta. Sitakunyima chakula kamwe." Kukosa na kunyimwa ni mambo mawili, na mtoto maskini anaijua tofauti hiyo kuliko mtaalamu yeyote.

"Mama zao hawakuwapenda?"

Swali hili litakuja. Huenda lisije kwa maneno hayo, huenda likaja usiku kwa sura ya "mama, wewe unanipenda?" mara tano mfululizo. Usijibu kwa kuwalaani wale wazazi, kwa sababu mtoto atakachosikia ni kwamba mama anaweza kugeuka shetani. Wala usiwatetee. Jaribu hivi: "Nadhani wengi waliwapenda. Waliamini jambo la uongo, wakaacha kufanya kazi ya mzazi, ambayo ni kulisha na kulinda. Lilikuwa kosa kubwa sana. Watoto hawakukosea kitu." Sentensi hiyo ya mwisho iseme hata kama hakuuliza.

Halafu mpe ruhusa. Tunawalea watoto wetu wamheshimu mkubwa, wamwamkie, wasimjibu. Sina ugomvi na adabu hiyo, naifundisha kila siku. Lakini iwe na mpaka unaotamkwa: "Mkubwa yeyote, hata mwalimu, hata shehe au pasta, hata mimi, akikwambia usile, au ujifiche, au usimwambie mtu, una haki ya kukataa na kukimbia kwenda kusema." Kisha taja pa kukimbilia, kwa majina: shangazi fulani, mwalimu wako, mama wa nyumba ya pili. Mtoto akariri watatu. Asiyekuwa na majina hatakimbilia popote.

Simu yako

Runinga ni rahisi, unaizima. Tatizo ni simu, na si ya mtoto bali yako. Makundi ya WhatsApp ya familia, ya mtaa na ya chama hutuma picha ambazo gazeti haliwezi kuzichapa, nazo zikiingia hujihifadhi zenyewe penye picha za sherehe na za watoto. Jioni mtoto anaomba simu aangalie picha za harusi, anakutana na kaburi lililo wazi.

Fungua mipangilio ya WhatsApp, uingie sehemu ya hifadhi na data, uzime kupakua picha na video zenyewe. Futa zilizoingia. Waambie watu wa kundi wasitume. Wakikuona unajifanya, wakuone hivyo. Redio nayo ipunguze wakati wa taarifa. Mtoto mdogo akiona picha ileile mara kumi, kwake yeye ni mambo kumi yametokea. Kama ameshaona, mwambie: "Hiyo ilipigwa siku ile. Leo haitokei."

Mchezo, usiku, na mwili

Siku zitakazofuata huenda ukamkuta anachimba shimo mchangani, anamzika mwanasesere, wenzake wanaimba nyimbo za maziko. Wazazi hukimbilia kuwatawanya wakisema wanaita mikosi. Waache. Ndivyo watoto wanavyolitafuna jambo. Kaa karibu, uliza "na huyu nani?", uone mchezo unaelekea wapi. Ukimalizika kwa kufukuliwa na kupikiwa wali, ni vizuri. Ukirudiwa vilevile kila siku, bila kicheko na bila mwisho, uandike kichwani kama dalili.

Aliyeacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena. Atadeka, atakung'ang'ania kanga, atataka kulishwa. Usimwite kikojozi mbele ya ndugu zake. Tandika mpira, badilisha shuka, usiseme kitu. Saa ya kuoga, kula na kulala isibadilike. Ratiba humtuliza kuliko maneno yote niliyoandika hapa juu.

Msiba ukiwa wa nyumbani kwenu

Watu zaidi ya 600 waliripotiwa kwa Shirika la Msalaba Mwekundu kuwa wamepotea. Familia zilitolewa sampuli za vinasaba zikangoja, na miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Wako wanaongoja hadi leo. Mtoto wa nyumba kama hiyo hana kaburi la kwenda wala mtu wa kumsubiri.

Usimwambie shangazi atarudi. Usimwambie amekufa kama hamjathibitishiwa. Sema: "Hatujui shangazi yuko wapi. Tunafikiri huenda amekufa. Madaktari wanachunguza, na nikijua nitakwambia wewe siku hiyohiyo." Ukitoa ahadi hiyo, itimize. Watoto wengi huwasamehe wazazi habari mbaya, kufichwa hawasahau.

Mwili ukipatikana, mweleze kabla ya siku ya mazishi atakachokiona: watu wengi, kilio, sanduku au jeneza la msikiti, shimo. Muulize kama anataka kuwepo, akikataa asisukumwe. Pale ambapo watoto hawaendi makaburini, mpe nafasi nyingine: agawe maji kwa wageni, akae na wanaume kwenye hitima, achague picha ya marehemu ya kuweka ukutani. Asifungiwe chumbani na katuni wakati nyumba nzima inalia.

Shuleni na chuoni

Walimu wenzangu, neno moja tu. Darasani mwenu anaweza kuwamo mtoto aliyetoka kule msituni, na hamtaambiwa. Msiulize nani ana jamaa Shakahola. Msifanye somo zima la dua kwa machozi. Na mtoto akimwambia mwenzake "dini yenu inaua watu", msipite kama hamkusikia. Simamisheni hapo hapo, mseme kwamba aliyekosa ni mtu, na kwamba Waislamu na Wakristo wa Malindi wote walilia.

Ikiwa ni shambulio

Wa Lamu wanalijua hili tangu Juni 2014, Mpeketoni ilipovamiwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Mwaka uliofuata ilikuwa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Hapa swali la mtoto ni moja: watakuja huku? Usiape kwamba hawatakuja. Mwambie wapo askari, lipo zuio la kutoka usiku kama limewekwa, na mlango tunaufunga mapema. Mwonyeshe mnapokutana ikitokea kelele. Mpango mdogo unaojulikana hupunguza hofu. Na chunga ulimi wako mwenyewe barazani: ukitukana kabila au dini yote, mtoto ataibeba hiyo kesho shuleni akiamini ni maelezo.

Wakati wa kuomba msaada

Dalili nyingi hupungua baada ya wiki chache. Zikipita mwezi, au ukiona mtoto anaficha mkate chini ya mto, anakataa kula, ameacha kuongea, hashiki tena alichokijua, mpeleke hospitali uombe kuonana na mshauri nasaha. Anayejiumiza, au anayesema anataka kufa ili awafuate, usingoje hata siku moja.

Nambari 116 ni ya Childline Kenya, bure, mchana na usiku. Msalaba Mwekundu wana 1199, nayo bure. Piga ukiwa mbali na mtoto, uwe umeandika pembeni umri wake, alichosikia au kuona, dalili zilianza lini, na analala saa ngapi. Swali la kwanza utakaloulizwa huenda likawa kama wewe mwenyewe umekula na umelala. Jibu kweli.